Kabla Hujanunua Mtungi

Siku yangu ya kwanza bwawani nilimwonyesha mwalimu dole gumba. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye kina cha mita mbili, kidomo cha regulata mdomoni, hofu imeanza kunitoka, nikataka kumwambia mambo safi. Akanishika mkono, akanipandisha juu. Tukashuka. Nikampa dole tena, safari hii kwa bashasha zaidi, akanipandisha tena. Mara ya tatu alicheka mpaka miwani yake ikaingia maji. Chini ya maji dole gumba maana yake ni "twende juu". Aliye salama huunganisha kidole gumba na cha shahada vikawa duara. Alikuwa ametueleza hayo asubuhi, ubaoni, ila macho yangu na akili yangu vilikuwa kwenye mitungi iliyopangwa ukutani.

Ndivyo wengi tunavyoanza. Watu wakinijia kutaka habari za kupiga mbizi kwa mtungi, swali la kwanza ni vifaa bei gani. (Ukisema unajifunza kuzamia mbele ya kijana wa Kariakoo, swali la kwanza litakuwa unakwenda nchi gani na meli ipi.) Huwa nawajibu hivi: pesa ya kwanza mpe mwalimu, ya pili nunua miwani, na mtungi huenda usiununue maisha yako yote.

Hata kabla ya mwalimu, kuna kuogelea, na kuna karai. Kozi ya mwanzo ya PADI, shirika la mafunzo ya mbizi, inakutaka uogelee mita 200 bila kupimwa muda, kisha uelee dakika 10. Watu wengi wa pwani, hata waliozaliwa ukivuka barabara tu uko ufukweni, hawayawezi hayo, wala si aibu. Tafuta mtu akufundishe kuogelea kwanza. Lakini kinachowashinda wanafunzi wengi niliowaona si mikono wala miguu, ni pua. Maji yakigusa pua mtu hushtuka akavuta, na akivuta yamekwisha. Basi jaza maji karai, chukua mrija wa snokeli, tumbukiza uso bila miwani na upumue kwa mdomo huku pua imo majini wazi. Siku ya kwanza utaruka kama umechomwa. Siku ya tatu utahesabu hadi hamsini.

Faida yake utaiona kwenye zoezi ambalo limewarudisha nyumbani watu wazima na akili zao: kutoa maji yaliyoingia ndani ya miwani ukiwa chini. Unabonyeza fremu ya juu kwa vidole, unainua uso kidogo, unatoa pumzi kwa pua taratibu. Hewa inajikusanya juu, maji yanatokea chini. Ni pumzi moja tu. Aliyezoea karai hufanya hivyo huku akiwaza chakula cha mchana.

Kozi yenyewe ina sehemu tatu: nadharia, mazoezi bwawani au kwenye maji yaliyotulia, halafu mbizi nne baharini. Siku tatu au nne zinatosha, ingawa mwenye hofu aombe tano. Ukihitimu unapewa kadi inayokuruhusu kushuka hadi mita 18 pamoja na mwenzako, nayo inatambulika karibu kila penye kituo cha mbizi. PADI ilianza Marekani mwaka 1966, SSI, shirika jingine kama hilo, ikafuata mwaka 1970. Usipoteze usingizi kuchagua baina ya hizo mbili. Mwalimu ndiye wa kuchagua. Gharama kwa kawaida hutajwa kwa dola, na kwenye pwani yetu ujiandae kwa mia nne hadi mia sita. Uliza bei ya mkazi kabla hujaonyesha pochi. Vituo vingi vinayo ila haviitangazi. Kama unataka kuonja tu, ipo mbizi ya majaribio ya nusu siku, mwalimu akiwa kando yako muda wote, mwisho mita 12.

Kabla ya yote utajaza fomu ya afya. Pumu, moyo, kifafa, upasuaji wa masikio au kifua, ujauzito: andika ukweli. Ukijibu "ndiyo" mahali unaweza kutakiwa kumwona daktari, na mjamzito atasubiri ajifungue. Nimemwona mtu akificha pumu kwa sababu alishalipa. Pesa hurudi.

Kituo kizuri hukijui kwa rangi ya mashua. Nenda siku moja kabla, ukae, utazame. Mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi? Kanuni inaruhusu hadi wanane baharini. Mimi nisingeingia na zaidi ya wanne. Je, mashuani kuna chupa ya oksijeni ya huduma ya kwanza, na kuna anayejua kuitumia? Nahodha anabaki chomboni watu wakiwa chini, au naye anaruka kuogelea? Ukiumia, watakupeleka chemba gani ya presha, na kwa njia gani? Anayekasirika kwa maswali haya amekwisha kujibu. Kisha omba wakufungulie mtungi kidogo, unuse. Hewa safi haina harufu wala ladha. Ikinuka mafuta au moshi, ina maana kompresa ni mbovu au inavuta hewa karibu na eksozi ya jenereta, na hewa hiyo ukiivuta kwenye kina ina sumu kuliko juu. Hapo hakuna kupunguziana bei. Aga uondoke.

Akina dada wanaovaa hijabu wameniuliza mara nyingi kama mchezo huu ni wao. Suti ya mpira inafunika kuanzia shingo hadi kifundo cha mguu, na kofia ya kuogelea inayofika shingoni inakaa vizuri chini ya mkanda wa miwani. Mwombe mwalimu wa kike mapema, maana bado ni wachache.

Sasa pumzi, ambayo ndiyo mbizi yenyewe. Juu ya bahari tunabeba uzito wa hewa tu. Kila mita 10 unazoshuka zinaongeza kiasi kingine kama hicho. Puto ulilojaza juu, ukilishusha mita 10 linakuwa nusu, na kwenye mita 20 linabaki theluthi. Igeuze hesabu hiyo utaelewa kwa nini sheria ya kwanza ya mchezo ni kutobana pumzi kamwe. Mapafu yaliyojazwa kwenye mita 10 na kufungwa yanataka kuwa mara mbili ukifika juu, na mapafu hayana nafasi hiyo. Mvuvi anayezama kwa pumzi ya juu hubana bila madhara haya, kwa kuwa hewa aliyoshuka nayo ndiyo anayorudi nayo. Wewe umevuta hewa ya chini. Vijana wa pwani waliokulia kwenye kuzama na bunduki ya samaki hupata taabu hapa kuliko mtu wa Dodoma aliyeiona bahari juzi: wana mazoea ya miaka ya kufunga koo.

Hesabu hiyohiyo inakula hewa yako. Mtungi wa lita 12 uliojazwa bari 200 una hewa ya lita 2,400. Tuseme juu unatumia lita 20 kwa dakika. Kwenye mita 20 kila pumzi inachukua hewa mara tatu, yaani lita 60 kwa dakika. Ukiweka akiba ya bari 50, ambayo haiguswi, umebaki na nusu saa. Anayehema kama aliyekimbizwa na mbwa hafikishi robo. Vuta pole, toa pole zaidi, mikono ikae kifuani, miguu ifanye kazi.

Masikio yana amri yake. Bana pua, puliza kidogo, na uanze hivyo tangu mita ya kwanza kabla hayajauma. Yakigoma, panda mita moja, ujaribu tena. Ukiwa na mafua usiende, hata kama mashua imelipiwa.

Siku ya mbizi za kwanza baharini usiiachie ratiba ya hoteli. Tazama kalenda ya mwezi mwandamo. Karibu na mwezi mosi na mwezi kumi na tano ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikikaribia mita nne, na maji mengi yakipita mahali pembamba huwa mkondo wa kumchukua hata mzoefu. Kuanzia tarehe nane hivi, na tena karibu na ishirini na mbili, ni maji mafu. Hizo ndizo siku za mwanafunzi. Kule Mafia, ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa mwaka 1995, mlango wa Kinasi unaopitisha maji ya ghuba ya Chole unataka usubiri kupwa na kujaa kusimame, la sivyo hupigi mbizi bali unapeperushwa. Kuta za Pemba, na kina chake cha kutisha, ziache kwa mwaka wa pili. Watamu na Malindi, hifadhi tangu 1968, zina matumbawe ya kina kifupi ya kujifunzia. Kuhusu majira, kaskazi ni rafiki: kuanzia Oktoba hadi Machi maji kwa kawaida ni matulivu na yanaonyesha mbali. Kusi ikikolea Juni na Julai, upande wa mashariki wa Unguja hugeuka povu, na vituo kadhaa vya Kenya hufunga kabisa.

Haya, vifaa. Nunua miwani kwanza, kwa kuwa uso wako hauna mwenzake. Iweke usoni bila mkanda, vuta hewa kidogo kwa pua, achia mikono, inama. Ikibaki, ni yako. Ikianguka, irudishe rafuni hata kama muuzaji anaisifu kwa lugha tatu. Mwenye ndevu au masharubu mazito ajaribu nyingi. Miwani mpya ina utando wa kiwandani kwenye kioo unaoleta ukungu. Isugue ndani kwa dawa ya meno mara tatu nne, na baada ya hapo mate yanatosha: tema, pakaza, suuza. Ndiyo, mate. Waliobobea hufanya hivyohivyo.

Halafu mapezi yasiyobana vidole, na suti ya milimita 3, maana maji yetu ni ya nyuzi 24 hadi 30 na huhitaji zaidi. Kompyuta ya mkononi ifuate. Ndiyo inayokumbuka umekaa kina gani kwa muda gani, na haifai kuazimana katikati ya siku ya mbizi, kwa kuwa inabeba hesabu ya mwili wa mtu mmoja. Regulata ngoja mpaka uwe na mbizi ishirini hivi. Inataka fundi karibu kila mwaka, na kama fundi wa aina yako yuko Dubai tu, umenunua pambo. Uliza pia mitungi ya unakopigia mbizi ina kichwa cha kibano au cha skrubu. Jaketi la kuelea ni la mwisho. Ukinunua kwa mkono wa pili, kunja mipira ya hewa karibu na viungo vyake. Ikionyesha nyufa, hesabu mipira mipya kwenye bei. Vyote vioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, na kifuniko cha regulata kikaushwe na kufungwa kabla ya kutumbukizwa.

Kupanda ni pole kuliko kushuka: usizidi mita 9 hivi kwa dakika, kisha usimame dakika tatu kwenye mita 5. Naitrojeni iliyoingia mwilini inataka muda wa kutoka, na ikiharakishwa hutoa mapovu kama soda iliyotikiswa. Ndiyo sababu baada ya mbizi moja hupandi ndege hadi saa 12 zipite, na baada ya mbizi kadhaa, saa 18. Hilo wanalikumbuka wengi. Wanachosahau ni kwamba mlima nao ni ndege. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, Lushoto karibu 1,400. Ukipiga mbizi Diani asubuhi, tiketi ya treni ya alasiri kwenda Nairobi ibadilishe iwe ya kesho yake jioni, ulale Mombasa.