Viti Vitatu vya Watoto Kwenye Siti Moja ya Nyuma

Mtoto wa tatu akizaliwa, baba huanza kuwaza kubadilisha gari. IST inawekwa sokoni, Noah inatafutwa. Kabla hujampigia dalali, azima futi ya fundi cherehani ukapime siti yako ya nyuma. Mara nyingi gari halina kosa. Kosa liko kwenye viti vilivyonunuliwa kwa macho, kisha vikapangwa ovyo.

Magari mengi tunayoagiza kutoka Japani yalitengenezwa kwa daraja la magari madogo la huko, ambalo upana wake hautakiwi kuzidi mita 1.7. Ndiyo maana IST, Premio, Probox na Noah nyingi za zamani zina upana wa nje unaolingana au kukaribiana sana, sentimita 169 na kidogo. Noah inaonekana kubwa kwa sababu ni ndefu na imesimama wima. Ukitoa unene wa milango pande zote mbili, siti ya nyuma hubaki na sentimita 130 hivi, pungufu au zaidi kidogo. Kiti cha kawaida cha mtoto kina sentimita 44, na vipo vinavyofika 47 na kupita. Vitatu vya 44 ni sentimita 132. Yaani ugomvi wote huu ni wa sentimita mbili tatu, na hizo zinapatikana kwa mpangilio.

Pima sehemu mbili. Kwanza pale makalio yanapokaa, toka ukingo hadi ukingo. Kisha panda juu, usawa wa kiwiko, maana pale ndipo mahali pa kuegemezea mkono mlangoni panapokula nafasi. Shika kipimo kidogo kati ya hivyo viwili. Dukani pia usiamini maandishi ya boksi: pima kiti chenyewe, chini kwenye kitako na juu kwenye mabawa ya kichwa. Kipo kiti chenye kitako chembamba na mabawa mapana kama masikio ya tembo, na kipo cha kinyume chake.

Tofauti hiyo ndiyo ya kuitumia. Kiti kinachoangalia nyuma hupanuka upande wa mbele wa gari, kule kichwa cha mtoto kilipo, na miguuni, karibu na mgongo wa siti, huwa chembamba. Kinachoangalia mbele hupanuka karibu na mgongo wa siti. Ukivipanga kwa kupishana, sehemu pana ya kimoja huingia kwenye sehemu nyembamba ya jirani yake. Viti vitatu vya aina moja vyote vikiangalia upande mmoja hugongana bega kwa bega, hata kama kwa hesabu vilitakiwa kuenea. Kwa hiyo usinunue vitatu vinavyofanana kwa sababu tu duka limekupa punguzo.

Sasa mikanda, ambako ndiko kazi ilipo. Magari mengi ya zamani yana mkanda wa kiunoni tu pale katikati, usio na kipande cha kupita begani. Usimweke pale mtoto anayetumia busta, kile kiti cha kumnyanyua ili mkanda wa gari umkae vizuri. Busta haina mikanda yake, hivyo bila mkanda wa bega kifua na kichwa vinarushwa mbele gari likigonga. Katikati panamfaa mtoto wa kiti chenye mikanda ya ndani kinachoangalia mbele, mradi kijitabu cha kiti kiseme wazi kwamba kinaruhusiwa kufungwa kwa mkanda wa kiunoni. Vingine haviruhusiwi. Soma hicho kijitabu, na cha gari pia.

Mpangilio unaokubali kwenye magari mengi madogo ni huu: mtoto mchanga aangalie nyuma, akae nyuma ya abiria wa mbele, kwa kuwa kiti chake hula urefu na abiria anaweza kujisogeza kuliko dereva; wa pili akae katikati akiangalia mbele; mkubwa wa busta akae nyuma ya dereva. Huyo mchanga asigeuzwe haraka. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya viti vya watoto, R129, inataka aangalie nyuma mpaka apite miezi 15, na kama kiti chake bado kinamtosha kwa urefu na uzito, mwache hivyo hata akifika miaka miwili au zaidi. Miguu kukunjika hakumuumizi. Shingo ndiyo ya kuogopewa.

Wengi hukimbilia vyuma vya ISOFIX, vile vya kwenye siti ya gari vya kunasia kiti cha mtoto bila mkanda, wakiamini ndivyo salama kuliko vyote. Vyuma hivyo ni vizuri, ila vimechomelewa mahali pamoja na havisogei. Mara nyingi huwa kwenye siti za pembeni tu, na vikikuwekea kiti sentimita tatu kuelekea katikati, huna la kufanya. Mkanda wa gari hukuruhusu kukisogeza kiti mpaka kikaribie mlango, na kikifungwa sawasawa kwa mkanda ni salama vilevile. Ukitaka viti vitatu, mkanda ndio rafiki yako. Kuna magari mengi ya miaka ya 2000 yasiyo na vyuma hivyo kabisa; ingiza vidole kwenye upenyo kati ya mgongo na kitako cha siti utajua.

Jaribu pia kama mkanda wako una kufuli ya kiti cha mtoto. Uvute taratibu mpaka mwisho kabisa, kisha uachie urudi. Ukirudi kwa sauti ya meno, ta-ta-ta, na ukiuvuta hautoki tena, kufuli ipo. Isipokuwepo, tafuta kiti chenye kibano chake cha kushika mkanda.

Anza kufunga kiti cha katikati. Weka goti lako ndani ya kiti, kandamiza kwa uzito wako, huku mkono mmoja unavuta mkanda. Kisha kishike pale mkanda unapopita, ukitikise kushoto na kulia: kisicheze zaidi ya sentimita mbili na nusu. Ndipo uende pembeni. Kila kiti kisimame imara kwa mkanda wake. Viti vikigusana hakuna neno, lakini kikitulia kwa sababu tu jirani amekibana, hakijafungwa. Siku ukimtoa jirani, au gari likigongwa, utaona. Ukimaliza vyote vitatu rudi ukitikise cha kwanza, kwa sababu cha pili huwa kinakilegeza.

Panapochosha hasa ni kwenye vifungio. Kitako cha kiti cha katikati hupenda kulala juu ya kifungio cha jirani, na mtoto wa busta ndiye anayeumia, kwa kuwa kila safari lazima afunge na kufungua. Busta yenye kitako chembamba huacha nafasi ya vidole. Mwambie mwenyewe afunge mbele yako, asubuhi akiwa na sweta la shule na begi. Akishindwa, mpango wako umeshindwa hata kama viti vimeenea, maana siku mkichelewa atakaa bila mkanda na wewe hutajua. Sweta zito na koti vitolewe kabla ya kufunga mikanda ya ndani; nguo nene huacha ulegevu usioonekana.

Kwa wa Dar, Mombasa na Zanzibar: gari likikaa juani, chuma cha kifungio huunguza. Funika viti kwa kitenge ukishuka, na ukitoe kabla mtoto hajakaa.

Viti vya mitumba navyo vina mambo yake. Angalia lebo. Cha Ulaya au Japani huwa na herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyokiidhinisha: 1 ni Ujerumani, 11 Uingereza, 43 Japani. Geuza kitako, tafuta tarehe iliyogongwa kwenye plastiki ujue umri wa kiti. Muuzaji asiyeweza kukuambia kama kiti kiliwahi kupata ajali, mwachie kiti chake. Afadhali kipya cha bei ndogo chenye lebo kuliko cha kifahari kisichojulikana kilikotoka.

Kuna swali ambalo kijitabu hakiligusi: dada au bibi atakaa wapi? Siti ya nyuma ikijaa viti vitatu hakuna mtu mzima atakayeingia, na jibu si kumpakata mchanga mbele. Gari likigonga kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, hakuna mikono inayoweza kumzuia mtoto wa kilo kumi. Baba, mama na dada wakisafiri pamoja na watoto watatu, hapo ndipo Noah, Wish au Sienta inapostahili pesa yake, kwa ajili ya ile safu ya tatu na si kwa upana.

Na kama umepima, umepishanisha, umeacha vyuma ukatumia mikanda, na bado kiti kimoja kinacheza, basi siti hiyo ni ya viti viwili. Mkubwa wa busta ahamie mbele kwenye mkanda kamili, kiti kikiwa kimesogezwa nyuma mpaka mwisho. Mchanga anayeangalia nyuma asiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi: ukifumuka hukipiga kiti chake kwa nguvu ya kuua.