SOMO LA KIKUNDI: Alama Hufuata Kazi ya Kitu

Alama ya KEBS haimaanishi kitu kinafaa kwa kila kazi. Inahusu ile kazi kilichotengenezewa tu.

1. Methanoli ni halali kiwandani, lakini mtu akiinywa hupofuka au kufa. Kwa hivyo pombe isiyojulikana ilikotoka ni hatari. Februari 2024, hapa kwetu Kirinyaga, pombe haramu iliua watu zaidi ya kumi Kangai.

2. Chupa ya dawa ya kahawa yenye utepe mwekundu ilikuwa na sumu kali. Hata ukiisuuza mara tatu, si ya maziwa. Itoboe.

Zungumzeni: Nyumbani mwetu, ni chombo gani kinachofanya kazi isiyo yake?