Kiuno, Mkeka na Miezi Miwili ya Subira

Majibu ya MRI yaliposema pingili za kiuno zimeanza kusagika na diski zimepungua, nilivaa mkanda nikajilaza wiki tatu. Kosa kubwa. Nilipoamka, kushuka daladala tu kulinitoa jasho.

Binti wa fiziotherapia alinisikiliza, kisha akasema: "Baba, hiyo picha isikutishe." Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa 2015 ulikuta diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20 wasio na maumivu yoyote, na asilimia 96 ya wale wa miaka 80. Yaani ni kama mvi.

Akanilaza kifudifudi mkekani. Dakika mbili kimya. Kisha nikaegemea viwiko. Kisha nikasukuma kwa mikono, kifua juu, nyonga zikibaki chini, mara 10. Njia hii inatokana na kazi ya Robin McKenzie wa New Zealand. Siri yake ni kufuatilia maumivu yanaelekea wapi. Yangu yalikuwa yakishuka hadi kwenye kigimbi. Yakipanda kurudi kiunoni, hata kiuno kikiuma zaidi kidogo, endelea. Yakiteremka mguuni, acha hapo hapo.

Usimwige jirani, tafadhali. Nilimfundisha mama mkwe zoezi langu, akalia. Yeye njia ya mishipa ya fahamu imekuwa nyembamba: akisimama au kutembea miguu inakufa ganzi, akiketi na kuinama mbele anapata nafuu. Kumpinda nyuma kulikuwa kuikandamiza zaidi mishipa hiyo. Nilimwomba radhi, naye akapelekwa fiziotherapia akapangiwa mazoezi yake ya kuvuta magoti kifuani.

Baadaye mimi niliongezewa zoezi la kupiga magoti na viganja chini, nikinyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, sekunde 10, kisha kubadilisha. Linachekesha, watoto walinipanda mgongoni. Niliongezewa pia kutembea dakika 10 asubuhi na jioni.

Mwezi wa kwanza sikuona kitu, nikakaribia kuacha. Wa pili nikaweza kufunga kamba za viatu nikiwa nimesimama. Mkanda nilimpa fundi baiskeli.

Lakini ukihisi ganzi sehemu za siri na makalioni, mkojo ukikataa au ukitoka wenyewe, au miguu ikiishiwa nguvu, achana na mkeka. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.