Kusomea Mashairi ya Zamani

Watu wa kwetu Katunguru wakisikia kwamba nasomea shahada ya pili katika mashairi ya Kiingereza ya miaka elfu iliyopita, huniuliza kazi hiyo itamlisha nani. Swali hilo ni la haki, nami nitajaribu kulijibu kwa ajili ya wanafunzi wanaofikiria njia kama hiyo.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Zama ninazozisomea ni tangu mwaka 500 hivi hata mwaka 1000 baada ya Kristo. Kiingereza cha siku hizo si hiki tujifunzacho shuleni; ajuaye Kiingereza cha leo hawezi kukisoma mpaka afundishwe upya, kama mtoto wa darasa la kwanza. Shairi refu kuliko yote yaliyosalia ni Beowulf, lenye mistari 3182. Limebaki katika hati moja tu, iliyoandikwa kwa mkono yapata mwaka 1000. Mwaka 1731 nyumba ilimowekwa ilishika moto huko London, na kingo za kurasa zikaungua. Moto ungalizidi kidogo, leo tusingalikuwa nalo.

Basi, msomi hufanya nini? Husoma hati, hulinganisha maneno, kisha hujiuliza: shairi hili lilitungwa kwa kalamu, au kwa kinywa? Mwaka 1953 Mmarekani Francis Magoun alisema kwamba mafungu ya maneno yanayorudiwarudiwa humo ni dalili ya utungaji wa kinywa. Mwaka 1966 Larry Benson alimpinga, akionyesha kwamba mafungu kama hayo yamo hata katika mashairi yaliyofasiriwa kutoka Kilatini. Kwa hiyo dalili hiyo peke yake haitoshi.

Hapo ndipo nchi zetu zinapotoa msaada. Mwaka 1956, ng'ambo ya mpaka wetu, katika Kongo ya mashariki, mtambaji wa Kinyanga aitwaye Candi Rureke alimsimulia Mbelgiji Daniel Biebuyck habari za shujaa Mwindo. Kazi ilichukua siku 12. Rureke aliimba, akasimulia na kucheza, na waandishi wakaandika. Kitabu kilitoka mwaka 1969. Aliyekitengeneza pamoja na Biebuyck ni Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe, ambaye baadaye alifanya kazi katika ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala.

Jambo la kuangalia ni hili: Rureke alisema hajapata kuzisimulia sehemu zote kwa mfululizo mmoja. Kwa desturi husimuliwa sehemu moja au mbili. Basi kile tukiitacho hadithi nzima kilipatikana kwa sababu mtu aliiomba. Nisomapo Beowulf sasa, nauliza pia: ni nani aliyeomba iandikwe, naye alitaka nini?

Habari za kale si mchezo. Katika miaka ya 1950 mwalimu Isaya Mukirane na wenzake waliunda chama cha kuchunguza historia ya Wakonzo. Katika chama hicho ndimo ilimochipuka harakati ya Rwenzururu ya mwaka 1962. Ajuaye kupima masimulizi ya kale, yapi yametoka wapi na kwa faida ya nani, ana kazi ya kufanya hapa kwetu.

Lakini nisiwadanganye. Baada ya shahada ya kwanza huja ya pili, kisha udaktari, na katikati yake Kilatini na lugha nyingine. Nafasi za kufundisha somo hili katika vyuo vikuu ni chache, hata Ulaya. Anayeishika njia hii awe na kazi nyingine mkononi, kama ualimu wa sekondari, ukutubi au uhariri.

Anayetaka kujipima aanze likizo hii. Mwombe mzee mmoja hadithi moja, uiandike kwa lugha yake, si kwa tafsiri. Andika siku, mahali na waliokuwapo. Baada ya wiki mbili mwombe tena hadithi ile ile, uiandike vile vile, kisha uweke karatasi hizo mbili pamoja uone kilichobadilika na kilichobaki. Ukiona hamu ya kujua kwa nini, umekwisha kuianza kazi yetu.