Je, Ni Redio Inayomaliza Chaji ya Pikipiki ya Stima?

Somo la leo limetokana na ugomvi. Kikundi kimoja nilichokitembelea kilichukua pikipiki ya stima kwa mkopo, ibebe maziwa na abiria. Kijana aliyepewa kuiendesha akafunga redio ndogo. Haukupita mwezi, chaji ikamwishia njiani na maziwa yakaharibika. Kamati ikakaa, ikasema ni redio. Ikang'olewa, na kijana akatozwa faini. Wiki iliyofuata chaji ikaisha tena, mlima ule ule.

Hebu tupige hesabu. Betri yao imeandikwa volti 72 na ampea-saa 40. 72 mara 40 ni wati-saa 2,880, yaani karibu yuniti 3 za stima, zile zile tunazonunua kwa tokeni. Redio ya wati 20 ikilia saa 5 hutumia wati-saa 100. Hiyo haifiki hata sehemu moja kati ya ishirini. Lakini mota ikipanda mlima na mzigo inaweza kuvuta wati 2,000. Kwa dakika 3 tu imekula wati-saa 100! Dakika tatu za mlima, jameni, ni sawa na redio ya asubuhi nzima.

Tulipoikagua pikipiki tulikuta nini? Magurudumu hayana upepo wa kutosha, na breki ya nyuma inashika hata bila kukanyagwa. Juu ya mikebe ya maziwa walikuwa wakipandishwa abiria wawili. Kijana alirudishiwa faini yake, ingawa mwekahazina hakufurahi.

Sisemi mfunge muziki wowote ule. Spika kubwa za wati 200 zikilia saa hizo 5 hula wati-saa 1,000, theluthi nzima ya betri. Pia fundi asiunganishe redio moja kwa moja na betri kubwa. Redio nyingi ni za volti 12. Volti 72 zitaiunguza, na waya usio na fyuzi unaweza kuwasha moto. Ipitie kwenye kifaa cha kupunguza volti, na izimwe pikipiki ikilala.

Betri yenyewe msingoje iishe kabisa ndipo mchaji. Ikitoka kazini ikiwa moto, iacheni ipoe kwanza. Isianikwe juani. Kama haitatumika kwa wiki kadhaa, iwekwe ikiwa na chaji karibu nusu.

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao: tafuteni daftari. Wiki moja redio ilie, wiki ya pili izimwe, njia iwe ile ile na mzigo ule ule. Kila jioni andikeni kilomita mlizokwenda na chaji iliyobaki. Mwendeshaji asiandike peke yake. Mwekahazina naye atie sahihi.