Aliyeletwa kwa Amri ya Hakimu

Tumeulizwa katika darasa letu: kijana aliyeshikwa na unga, akahukumiwa, kisha hakimu akaamuru apelekwe kutibiwa, je, kuna faida gani kumnasihi ilhali hakuja kwa hiari yake? Wengi wetu jawabu yao i tayari: asiyetaka hatibiki. Sisi twaona kuwa jawabu hiyo ni ya haraka, na yaweza kumuua mtoto wa mtu.

Jambo lenyewe si geni. Sheria ya Kenya ya mwaka 1994 juu ya madawa ya kulevya ilimpa hakimu uwezo wa kuamuru sehemu ya kifungo cha mraibu ipitishwe katika kituo cha kurekebishia watu. Na huko Marekani, mji wa Miami ulianzisha mwaka 1989 mahakama ambayo mshtakiwa hutibiwa huku hakimu akimtazama hatua kwa hatua. Lakini amri ya hakimu huleta mwili tu. Nia haifungwi pingu ikaletwa pamoja nao. Kazi ya mnasihi yaanzia hapo.

Yafaa tujue kwamba mraibu aghalabu ana nyoyo mbili: moja yataka kuacha, na moja haitaki. Wataalamu wawili wa Marekani, Prochaska na DiClemente, waliwachungua watu wenye kuacha sigara, na mwaka 1983 wakaeleza kuwa mtu haruki mara moja kutoka kutumia hadi kuacha. Huanza hana hata fikira ya kuacha, kisha husitasita, kisha hujitayarisha, ndipo hutenda. Aliyeletwa na mahakama mara nyingi yuko katika daraja ya kwanza au ya pili, nasi twamkabili kwa maneno ya daraja ya nne. Haya ni sawa na kumfundisha kuogelea mtu ambaye hajakubali kushuka pwani.

Mwaka huo huo wa 1983, William Miller, naye wa Marekani, aliandika juu ya namna nyengine ya kuzungumza na walevi. Mnasihi akishika upande wa kuacha na kukemea, mlevi hushika upande wa pili, akajisikia kwa masikio yake akiutetea ulevi. Na mtu huamini zaidi analolisema mwenyewe. Miaka kumi baadaye, yeye na wenzake walitoa khabari za uchunguzi walioufanya kwa walevi wa pombe: kila mnasihi alivyozidi kubishana na mlevi, ndivyo mlevi huyo alivyoonekana kunywa zaidi mwaka uliofuata. Sisi tulio wepesi wa kukaripia yatupasa tuyasome mara mbili maneno haya. (Mitaani twamwita kijana huyu teja, na kituoni huitwa mteja. Ni herufi moja tu, lakini yeye aijua tofauti yake.)

Basi mnasihi afanyeje? Kwanza akiri lililo kweli: "Ndugu yangu, hukupenda kuletwa hapa, nami si hakimu." Kisha aulize: "Hakimu ataka uache, hilo twalijua. Wewe mwenyewe wataka nini kibadilike?" Huenda kijana asiutaje unga kamwe. Atasema ataka mama yake asimfungie tena mlango, au ataka kurudi baharini kuvua na mjomba wake. Hapo ndipo pa kushika. Baadaye aulizwe, baina ya sifuri na 10, hamu yake ya kuacha ni ngapi. Akisema tatu, asiulizwe mbona si 10; aulizwe mbona si sifuri. Jawabu yake itakuwa ndiyo sababu yake mwenyewe ya kuacha, wala hakuna aliyemtilia kinywani. Tena apewe la kuchagua hata ndani ya amri: saa za kuja, nani wa nyumbani ashirikishwe, na kama yataka atumie methadoni, dawa iliyoanza kutolewa Malindi mwaka 2015, au njia nyengine.

Wako watakaosema huku ni kudekeza. Twawakumbusha khabari iliyopokewa na Bukhari, ya mtu aliyeletwa mara nyingi mbele ya Mtume (s.a.w.) kwa kunywa, akapigwa kila mara. Mmoja katika waliohudhuria alipomlaani, Mtume alimkataza, akamshuhudia mlevi yule kuwa ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume Wake. Adhabu haikuondolewa, lakini laana ilikatazwa.

Limebaki jambo la hatari kubwa. Mwili uliokaa miezi bila ya unga hauwezi tena kipimo kile cha zamani; atokaye jela au kituoni akarudia kipimo hicho aweza kufa siku hiyo hiyo. Kijana aliyeteleza akijua kuwa kila alisemalo litafika mahakamani, atanyamaza, na atatumia peke yake ambapo hapana wa kumwokoa. Kwa hivyo siku ya kwanza kabisa aelezwe wazi ni yapi yatakayoandikwa kwa hakimu na ni yapi yatakayobaki chumbani. Na ikiwa mnasihi ana lazima ya kupeleka khabari ya kuteleza, basi amwambie kabla kijana hajafungua kinywa, si baada yake.