Gari Likilala, Mwenyewe Asilale: Namna ya Kuhifadhi Chombo Chako Miezi ya Mvua



Kila mwaka mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, huyaondoa magari mengi barabarani. Njia za udongo hugeuka matope, mizigo hupungua, na wenye magari huona afadhali chombo kipumzike kuliko kukwama njiani. Wengine huvuka mpaka kwa biashara ya miezi miwili au mitatu na kuliacha gari uani kwa ndugu au jirani. Katika nchi za Ulaya na Kanada watu hufanya hivyo wakati wa theluji, kwa kuhofia barafu, na chumvi inayomwagwa barabarani ambayo huozesha vyuma. Kwetu hakuna theluji, bali kuna unyevu, panya, mafuriko na wezi.

Katika somo hili tunaeleza namna ya kuhifadhi gari au pikipiki kwa muda mrefu. Tunalieleza jambo hili sisi polisi, na si fundi peke yake, kwa kuwa gari lililoachwa ovyo halimpi hasara mwenyewe tu. Laweza kuunguza nyumba, kudhuru mtoto, au kumwingiza mtu asiye na hatia katika kesi.

Kwanza: Mahali

Chagua mahali palipoinuka, pasipopitiwa na maji. Mafuriko ya mto Nyamwamba huko Kasese, mwaka 2013 na tena 2020, yalitufundisha kwamba mto uliozoeleka unaweza kubadilika kwa usiku mmoja. Usiegeshe bondeni kwa sababu tu pana kivuli, wala chini ya mti mkubwa wenye matawi makavu. Banda likiwepo, liwe mbali na jiko na mahali pa kuchomea taka, na liwe na nafasi ya hewa kupita. Turubai la plastiki lililobana hufungia unyevu ndani na kuleta ukungu na kutu. Kitambaa kizito kinachopitisha hewa ni bora zaidi.

Pili: Chombo chenyewe

Osha gari lote, hasa chini, kwa maana tope lililoganda hushika maji na kula bati. Likaushe kabla ya kulifunika. Toa mazulia yenye unyevu, na usiache hata punje ya mahindi au ganda la karanga ndani, kwa sababu panya hufuata chakula, kisha hutafuna nyaya.

Badilisha oili ya injini kabla ya kulihifadhi, si baadaye. Oili iliyotumika ina asidi na unyevu unaodhuru vyuma gari likiwa limesimama.

Betri ing'olewe nyaya, ukianza na ule wa upande hasi. Siku ya kurudisha, huo uwe wa mwisho. Betri ya volti 12 iliyojaa vizuri husoma takribani volti 12.6 ikiwa imetulia. Ichajiwe mara moja kwa mwezi mahali penye hewa na mbali na moto, kwa kuwa hewa inayotoka kwenye betri wakati wa kuchajiwa inaweza kulipuka.

Jaza upepo kwenye tairi hadi kiwango cha juu kinachoruhusiwa na mtengenezaji, na usogeze gari kidogo kila baada ya wiki mbili ili tairi zisilalie upande mmoja. Usivute breki ya mkono kwa miezi mingi, kwani breki hugandana. Tia gia, kisha weka vizuizi imara mbele na nyuma ya magurudumu. Ukilinyanyua gari, tumia stendi za chuma. Jeki peke yake au matofali huweza kuteleza au kupasuka, na mtu aliye chini hana pa kukimbilia.

Mdomo wa bomba la moshi uzibwe kwa kitambaa ili panya wasiingie. Andika karatasi, “Ondoa kitambaa kwenye bomba la moshi,” uibandike kwenye usukani.

Tatu: Mafuta na moshi

Tangi la chuma lililojaa nusu hukusanya unyevu ndani yake, ndiyo maana mafundi hushauri lijazwe. Lakini ikiwa mahali hapana ulinzi, tangi lililojaa huwaita wezi. Pima hali ya kwako. Kumbuka pia kwamba petroli hupoteza ubora baada ya miezi kadhaa.

Jambo moja tunalikataza bila kusita: usinyonye petroli kutoka tangini ukaiweka kwenye madumu ndani ya nyumba. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni hadi ukutane na jiko la mkaa au kibatari katika chumba kingine. Sisi wa mipakani tumezoea kuona madumu ya mafuta hata tukayaona kama madumu ya maji. Mazoea hayo ni hatari.

Vilevile, usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, hata kwa dakika chache. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlegeza mtu na kumuua kabla hajatambua kilichompata.

Nne: Watoto

Gari lililosimama huwa uwanja wa michezo. Mtoto huingia, mlango hujifunga, na juani joto la ndani huweza kupita nyuzi 40 za Selsiasi kabla ya saa moja kuisha. Funga milango yote na buti, na ufunguo usiwe mahali ambapo mtoto anafikia. Mtoto akipotea mtaani, magari yaliyosimama yawe miongoni mwa mahali pa kwanza kutazamwa.

Tano: Hati, ufunguo na mashahidi

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kuondoka, andika nambari ya usajili, ya chesisi na ya injini, pamoja na kilomita zilizosomeka. Piga picha za pande zote nne, tairi la akiba na vifaa. Ukimwachia mtu gari, andikeni hati fupi yenye tarehe, itieni sahihi nyote wawili, na mwenyekiti wa LC1 awe shahidi. Msione haya kwa kuwa ni ndugu. Karatasi hiyo haivunji undugu; huuepusha na ugomvi.

Kadi ya usajili isikae ndani ya gari. Gari lililoibwa pamoja na hati zake huvuka mpaka kwa urahisi zaidi. Ufunguo mmoja ubaki kwa mtu mwaminifu, ili moto au maji yakija gari liweze kuondolewa.

Mwombe mlinzi wa gari atazame bamba za namba kila wiki. Gari linaweza kuwa limelala uani huku namba yake ikitembea barabarani kwenye gari jingine, pengine katika uhalifu. Ukikuta bamba halipo, toa taarifa kituo cha polisi siku hiyo hiyo. Taarifa hiyo itakuwa ushahidi wako namba hiyo ikionekana mahali pabaya.

Na aliyevuka na gari kwa kibali cha muda cha forodha akumbuke kwamba kibali kina tarehe ya mwisho. Gari kusimama hakusimamishi tarehe. Akiona atachelewa, aende forodha kabla siku hazijaisha.

Sita: Siku ya kurudi barabarani

Ondoa kitambaa cha bomba la moshi. Funua injini utazame viota na nyaya zilizotafunwa. Pima oili, maji, mafuta ya breki na upepo wa tairi. Jaribu breki uani kwa mwendo wa mguu kabla ya kushika barabara. Hakikisha bima haijaisha. Abiria wa kwanza baada ya mapumziko asiwe ndiye wa kukujulisha kwamba breki hazishiki.

Maswali ya kujadili barazani

1. Je, katika mtaa wetu kuna gari lililosimama ambalo mwenyewe hajulikani? Nani atalitolea taarifa?
2. Nyumba gani huhifadhi petroli ndani, na tutazungumza nao vipi kwa heshima?
3. Mtu akikuuzia tairi au betri kwa bei ya kutupwa, bila risiti, utamuuliza nini?

Tunawaomba viongozi wa mitaa na vyama vya madereva na bodaboda huko Busia, Malaba, Mutukula, Katuna na Mpondwe walisome somo hili pamoja mvua zijazo zisijafika. Kukiwa na dharura, piga 999 au 112. Kwa mengineyo, milango ya vituo vyetu iko wazi.